Gobori la babu: lihifadhiwe, lisifufuliwe

GOBORI lililorithiwa, likafungwa katika gunia na kusukumwa juu ya dari ya nyumba iliyo Kendu Bay, lina maadui watatu: unyevu wa Ziwa Victoria, mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na fundi mwenye bidii kupita kiasi. Huyu wa tatu ndiye hatari zaidi. Unyevu huchukua miaka mingi kuharibu kile ambacho grainda hukimaliza katika alasiri moja.

Mji huo mdogo wa Kaunti ya Homa Bay, ulio kando ya Ghuba ya Winam, una mafundi wa kila namna: wachomeleaji, maseremala, waunda mashua na warekebishaji wa injini. Mtu mwenye chuma cha zamani nyumbani hakosi pa kukipeleka. Swali ni iwapo inafaa kukipeleka huko, na la kwanza kabla ya hilo ni iwapo sheria inamruhusu hata kukigusa.

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomoni. Mtumiaji humimina baruti katika kasiba, yaani mtutu, akafuatisha risasi au vipande vya chuma pamoja na kitambaa au nyuzi za mti za kuzibia, kisha akashindilia vyote kwa mdeki, ile fimbo ndefu inayochomekwa chini ya mtutu. Moto huingia kupitia kifa, tundu dogo lililo ubavuni upande wa nyuma. Waluo huita bunduki yoyote *bunde*, neno lililosafiri kutoka pwani pamoja na chombo chenyewe.

Kiswahili cha zamani kilitofautisha magobori kwa namna moto ulivyowashwa. Bunduki ya mrao ilitumia utambi uliowashwa kabla; Waarabu wa Oman waliienzi aina hiyo muda mrefu baada ya Ulaya kuiacha. Bunduki ya gumegume ilitoa cheche kwa jiwe lililopigwa kwenye chuma. (Jiwe hilo lilikataa kutoa cheche mara nyingi kiasi kwamba leo mwanamume asiyefaa kitu huitwa gumegume, na wengi wanaolitumia tusi hilo hawajawahi kuiona bunduki yenyewe.) Ya tatu ilikuwa ya fataki, kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Uvumbuzi wa kutumia kemikali ya aina hiyo ulisajiliwa Uingereza mwaka 1807 na Alexander Forsyth, kasisi wa Scotland aliyependa kuwinda ndege na kuchoshwa na cheche zilizowashtua kabla risasi haijatoka.

Njia zilizofika ziwani

Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha zao katika karne ya 19, yale waliyoyaacha hayakutupwa. Viwanda vya Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, viliuza Afrika bunduki za jeshi zilizostaafu, na vilevile vikaunda nyingine za bei nafuu mahsusi kwa soko hilo. Zanzibar ikawa lango lake kwa upande wa Afrika Mashariki. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani humo, Charles Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia bandari za pwani.

Miaka miwili baadaye, Julai 2, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliopiga marufuku kuingizwa kwa silaha za kisasa katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Kendu Bay, iliyo chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, imo katikati ya ukanda huo. Mkataba huo ulizungumzia kukomesha biashara ya watumwa, na kwa kiasi fulani ulikuwa na nia hiyo. Lakini uliacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Matokeo yake yalieleweka na kila upande: Mzungu alibaki na bunduki ya kisasa, Mwafrika akaachiwa gobori. Miaka 15 baadaye, katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wapiganaji wa kusini mwa Tanganyika walikwenda na mikuki na magobori kukabiliana na bombomu za Wajerumani.

Pwani ya kusini ya ziwa haikuwa kwenye njia kuu ya misafara. Waswahili waliotoka Mombasa walipitia kaskazini, Mumias, kwa watawala wa Wanga. Wale waliotoka Bagamoyo walipitia Tabora kuelekea Mwanza au Buganda. Kwa hiyo gobori lililopatikana Karachuonyo huenda lilibadilishwa kwa pembe au ng'ombe mbali sana na hapo, likavushwa kwa mtumbwi, au likaletwa na mfanyabiashara baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 na meli kuanza kutia nanga katika bandari ndogo za ghuba. Mara nyingi hakuna aliyeandika. Ushahidi pekee uliosalia umo juu ya chuma na mti wa bunduki yenyewe, na ndiyo sababu msasa ni adui.

Aidha, si kila bunduki kuukuu ya eneo hilo ni gobori. Septemba 1914, askari wa KAR walisafirishwa kwa meli kutoka Kisumu, wakashushwa Kendu Bay na kupanda milima hadi Kisii kupambana na Wajerumani waliokuwa wameuteka mji huo. Askari hao, pande zote mbili, hawakubeba magobori. Bunduki zao zilipakiwa kwa nyuma kwa risasi zenye ganda. Mwenye silaha ya aina hiyo asijidanganye kwamba umri wake umeigeuza pambo. Ikipata risasi inayoilingana, yaweza kuua leo kama ilivyoua wakati huo.

Chombo kimoja, sheria mbili

Gobori la zamani nchini Kenya liko kati ya sheria mbili ambazo hazikuandikwa zikifikiriana.

Ya kwanza ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kwa mujibu wake, silaha ni chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua na kinachoweza kufyatua risasi au kitu kingine, au kinachoweza kurekebishwa ili kifanye hivyo. Anayemiliki anahitaji cheti, na kazi hiyo leo iko chini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Biashara ya kuunda, kuuza au kutengeneza silaha huruhusiwa kwa waliosajiliwa pekee. Fundi wa jua kali anayekubali "kulainisha kifyatulio kidogo tu" kwa malipo ya chakula cha mchana amekwisha kuingia matatani, hata kama bunduki yenyewe ilitengenezwa kabla babu yake hajazaliwa.

Ya pili ni Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Hiyo huhesabu kuwa kitu cha kale chombo chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kitu cha kale hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Magobori mengi yaliyoingia na misafara yangeangukia ndani ya kipimo hicho.

Sheria moja basi humwona mwenye gobori kama mtu anayeweza kuwa na silaha haramu. Nyingine humwona kama mlinzi wa turathi ya taifa. Anayebaki katikati ni mjukuu, tuseme mwalimu mstaafu au mvuvi, ambaye hakulinunua na hajui hata kama linafanya kazi. Woga wake unaeleweka. Jumanne ya Novemba 15, 2016, Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto mkubwa Ngong ulioteketeza silaha 5,250 zilizokuwa zikimilikiwa kinyume cha sheria. Nchi inayopambana na wizi wa mifugo na ujambazi wa kutumia bunduki ilikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Hata hivyo, mtu aliyetazama moto huo kwenye runinga huku akikumbuka kilicho darini kwake hakutarajiwa kukimbilia kituoni.

Njia iliyo salama ni kutangulia bila bunduki. Mwenye nyumba aende kwa chifu au kituo cha polisi mikono mitupu, aeleze alichorithi, na aombe maafisa waje wakione kilipo. Kulibeba gobori ndani ya matatu hadi kituoni, hata kwa nia njema, ni kujitafutia kusimamishwa kwenye kizuizi barabarani na maelezo marefu. Aandike tarehe aliyotoa taarifa na jina la kituo. Uamuzi kwamba kitu fulani ni pambo au ni silaha haufanywi na mwenyewe katika banda lake. Ni wa bodi. Tanzania, ambako magobori ya kuundwa na wahunzi wa vijijini yangali yakitumika katika ujangili, imetangaza mara kadhaa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari.

Kudhani limejaa

Bunduki ya kushindiliwa haifunguki nyuma ili mtu achungulie. Zamani, bunduki iliyolinda boma au shamba ilitundikwa ikiwa imejaa, na aliyeitundika huenda alifariki bila kumwambia mtu. Baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, haizeeki kama dawa ya hospitali. Ikiloa hulala, ikikauka huamka.

Januari 2013, wafanyakazi wa bustani ya Central Park mjini New York walikuwa wakiondoa kutu kwenye mzinga wa meli ya kivita ya Uingereza, HMS Hussar, iliyozama mwaka 1780. Mzinga huo ulikuwa umewahi kusimama hadharani miaka mingi, watoto wakiupanda. Ndani walikuta tufe la chuma, pamba ya kuzibia na takriban gramu 800 za baruti, na polisi wakaitwa kuiondoa. Miaka mitano kabla ya hapo, Februari 2008, mkusanyaji mzoefu wa jimbo la Virginia aliuawa nyumbani kwake na kombora la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, alipokuwa akilisafisha. Alikuwa amesafisha mengi kabla ya hilo.

Kwenye makavazi, gobori lolote linalopokelewa hudhaniwa kuwa limejaa hadi lithibitishwe kuwa tupu. Fimbo nyembamba ya mti huingizwa taratibu mdomoni hadi ikome, ikatiwa alama, kisha ikalazwa nje sambamba na mtutu. Ikifika karibu na kifa, mtutu ni mtupu. Ikikomea mbali na hapo, kuna kitu ndani. Kazi hiyo hufanywa na mtu anayejua, akiwa amesimama kando, mdomo wa bunduki ukiwa umeelekezwa pasipo na watu. Kikigunduliwa kitu, kazi inasimama na polisi wanaitwa. Hakuna kukichokoa kwa waya, hakuna kupasha moto, hakuna kuchomelea.

Benchi la kazi

Baada ya hati kupatikana na mtutu kuthibitishwa kuwa mtupu, ndipo kazi ya mikono huanza, nayo huanza kwa kamera. Bunduki hupigwa picha pande zote kabla ya vumbi kufutwa. Urefu, uzito na upana wa mdomo huandikwa. Mapicha hayo yana thamani kuliko mafuta yoyote, kwa kuwa kila hatua inayofuata huondoa kitu.

Jambo linalowashangaza mafundi wengi ni kwamba kutu si ya aina moja. Ile nyekundu ya unga, inayobaki kidoleni, ingali inakula chuma na lazima ikomeshwe. Ile ya kahawia iliyokolea, ngumu na laini kama ganda la kahawa, imekwisha kutulia. Ni ngozi ya chuma hicho, na chini yake ndimo mlimo alama. Ya kwanza hulowekwa kwa mafuta mepesi ya mashine siku kadhaa, kisha ikasuguliwa kwa kitambaa au kwa pamba ya chuma iliyo laini kabisa, kidogo kidogo, mtu akikoma mara aonapo kahawia. Ya pili huachwa. Grainda, tupa na brashi ya waya ya umeme havina nafasi hapo.

Alama zenyewe ni ndogo mno. Birmingham ilipata nyumba yake rasmi ya kupima mitutu mwaka 1813, na muhuri wake una fimbo za kifalme zilizopishana chini ya taji. Liège ilitumia herufi ELG ndani ya duara la mviringo. Taji likaongezwa juu yake mwaka 1893. Kwa hiyo taji dogo lisilozidi punje ya mtama laweza kuonyesha kwamba bunduki ilipimwa baada ya mkataba wa Brussels, si kabla, na kuihamisha historia yote ya familia kwa kizazi kimoja. Neno TOWER kwenye bamba la mtambo lisiaminiwe haraka: ni alama ya jeshi la Uingereza, lakini waliouza Afrika waliinakili kwa wingi kwa sababu wateja waliipenda.

Mti wa kitako huhitaji huruma zaidi. Matundu ya dudu, nyufa na weusi wa jasho la viganja ni sehemu yake. Vanishi ya dukani huufanya ung'ae kama meza ya hoteli na haitoki tena bila kuparua. Wahifadhi hutumia vitu vinavyoweza kuondolewa na atakayekuja baadaye: kitambaa chenye unyevu mdogo, kisha nta nyembamba.

Na yapo matengenezo ya kienyeji. Kitako kilichopasuka mara nyingi kilivishwa ngozi mbichi iliyoshonwa ingali na maji. Ilipokauka ilijikaza na kubana mti kuliko gundi. Pengine utaona waya wa shaba uliozungushwa kwa mkono, parafujo iliyofuliwa na mhunzi kwa sababu ya awali ilipotea, au kinyundo cha fataki kilichounganishwa kwenye bunduki iliyozaliwa ikiwa ya gumegume. Fundi wa leo huona hayo kuwa ni kasoro na hutamani kuyang'oa ili "arudishe hali ya asili". Ni kosa kubwa. Kasiba ilitoka Ulaya pamoja na maelfu ya ndugu zake. Ngozi ile ya ng'ombe ilishonwa hapa. Wajaluo waliwaita wahunzi wao *jotheth*, na kazi yao iliyosalia ni chache. Parafujo moja mbaya iliyofuliwa kwa mkono yaweza kuwa ndiyo kitu cha pekee kwenye bunduki nzima kisichopatikana kwingineko duniani.

Kwa chuma kilichotoka baharini hali ni tofauti kabisa. Kati ya 1977 na 1980, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wataalamu wa kigeni walifukua mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 ngome hiyo ilipokuwa imezingirwa. Chumvi iliyopenya chuma kwa karne tatu haiondoki kwa kufuta. Kitu hulowekwa maabara kwa miezi au miaka, maji yakibadilishwa na kupimwa. Ziwa Victoria ni maji baridi, hivyo mtu wa Kendu Bay ameepushwa na balaa hilo, isipokuwa kama bunduki ililala karibu na Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo karibu na mji.

Kulifyatua kamwe si sehemu ya kazi hii. Mitutu mingi ya zamani ilifanywa kwa bamba la chuma lililokunjwa na kuunganishwa kwa moto kwenye mshono mmoja wa urefu wote. Kutu iliyojificha ndani ya mshono haionekani kwa macho, na baruti ya kisasa ina nguvu ambayo chuma hicho hakikupimwa nayo. Mtutu ukipasuka, hupasukia kwenye mkono wa kushoto na uso wa mfyatuaji.

Kilichobaki ni mahali pa kuweka. Chuma hupakwa nta nyembamba isiyo na asidi, kwa mikono iliyovaa glavu, maana chumvi ya vidole huacha alama ya kutu ndani ya wiki chache. Gunia litupwe, hunyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma. Bunduki ilazwe mlalo juu ya kitambaa safi cha pamba, ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli kama masharti ya cheti yanavyotaka, mbali na ukuta wa udongo, na ikaguliwe kabla na baada ya masika. Sakafu si mahali pake. Maji ya ziwa yalipanda kupita kiasi Mei 1964, na Mei 2020 yakaivuka kidogo alama hiyo, yakaingia katika nyumba nyingi za ufuoni.

Familia isiyotaka kubaki na mzigo huo ina haki ya kuusalimisha, na wengi watafanya hivyo. Inachoweza kuomba kabla ya chuma kuondoka ni nafasi ya kupiga picha alama na matengenezo yake, na kuandika yale mzee wa mwisho anayoyakumbuka: nani alikuja nalo, kutoka upande upi, lilibadilishwa kwa nini. Nakala moja ibaki nyumbani. Nyingine ipelekwe Makavazi ya Kisumu, yaliyo ng'ambo ya ghuba, ambako maafisa wanaweza pia kuwaandikia polisi kuomba kwamba bunduki hiyo itazamwe kwanza na mhifadhi kabla ya kupangiwa moto.